Bati likikunjwa hurudi: jibu kwa msikilizaji wetu ambaye kihenge chake kiliachia

Msikilizaji wetu mmoja wa Kongwa, mkoani Dodoma, ametutumia ujumbe mrefu wa sauti. Anasema baada ya mavuno alinunua kihenge cha bati kwa fundi wa mjini, akakipandisha kwenye lori hadi kijijini, akakijaza mahindi makavu, akafunga mfuniko na kutulia akijua chakula cha mwaka kiko salama. Baada ya miezi mitatu alifungua akakuta unga juu ya mahindi na dumuzi wakitembea. Alipokagua aliona mambo mawili. Ukingo wa mfuniko haukushika vizuri mdomo wa kihenge, ulikuwa umekaa kama sahani badala ya kushuka wima. Na ubavuni, kwenye mshono unaoshuka toka juu hadi chini, palikuwa na ufa unaoingia ukucha.

Alimrudia fundi. Fundi akamwambia si kosa lake, bati ndivyo lilivyo, ukilikunja linarudi. Mama huyo anatuuliza: hayo ni kweli, au ni maneno ya kukwepa lawama?

Jibu letu ni kwamba fundi alisema kweli, lakini alisema nusu. Bati hurudi, hakuna bati lisilorudi. Ila hurudi palepale, mikononi mwa fundi, sekunde anapoliachia, wala halingoji miezi mitatu. Kwa hiyo fundi analiona, na ni kazi yake kulipa dawa. Huo ufa wa mshono una maelezo mengine, ingawa chanzo chake ni hichohicho. Tutafika huko.

Kwanza tuelewane kwa nini ukingo mdogo namna hiyo ni jambo kubwa. Dumuzi ni mdudu mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu alianza kujulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea nchi jirani. Hutoboa mahindi, mihogo mikavu na hata mbao. Bati hawezi kulitoboa. Vihenge vya bati navyo vilisambazwa sana kwa wakulima wadogo wa huko huko Amerika ya Kati, kuanzia Honduras, miaka hiyo hiyo ya 1980, kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Nguvu yake ni kwamba mdudu hana mlango, na wale walioingia na mahindi wanamaliza hewa ya ndani na kufa. Kukiwa na upenyo, hata usiompitisha mdudu, hewa inaingia na wale wa ndani wanaendelea kula na kuzaana. Kihenge kinachovuja ni pipa la kawaida tu la gharama kubwa.

Spoki ya baiskeli na waya wa nondo

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani bila bati. Tafuta spoki moja ya baiskeli na kipande cha ule waya laini ambao wajenzi hufungia nondo. Vyote viwili ni chuma. Kunja waya wa nondo kwa vidole ufanye kona, uachie: unabaki karibu pale pale ulipouacha. Sasa kunja spoki kidogo uachie: inanyooka yote kana kwamba hukuigusa. Ikunje zaidi, kwa nguvu: itabaki na kona, lakini kona ndogo kuliko ile uliyoifanya. Sehemu ya mkunjo imebaki na sehemu imerudi. Hiyo sehemu iliyorudi ndiyo tunayoizungumzia.

Chuma kina hali mbili. Ukikivuta kidogo kinarefuka, ukikiachia kinarudi kwenye urefu wake, kama mpira wa manati, isipokuwa kwamba kipimo chake ni kidogo mno hata jicho halioni. Ukivuka kikomo fulani, umbo lake linabadilika na halirudi tena. Ukanda wa bati laini wenye urefu wa mita 1 unaweza kuvutwa ukarefuka milimita 1 na robo hivi, na bado ukarudi wote. Ukanda wa bati gumu, lile linalotumika kwenye mabati mengi membamba ya kuezekea, unaweza kurefuka karibu milimita 2 na robo tatu na bado ukarudi. Yaani bati gumu linahifadhi mrudio zaidi ya mara mbili ya bati laini.

Lakini fundi havuti bati, analikunja. Kunahusiana nini? Fikiria godoro la sponji. Ukilikunja katikati, upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa na kufanya makunyanzi. Katikati ya unene wa godoro kuna tabaka ambalo halivutwi wala halibanwi. Bati nalo ni hivyo hivyo hata kama unene wake ni nusu milimita. Ngozi ya nje inavutwa, ngozi ya ndani inabanwa, na katikati kuna tabaka tulivu. Unapokunja, ngozi zile mbili ndizo zinazovuka kikomo kwanza na kubadilika moja kwa moja. Tabaka za katikati hazijafika huko, bado zinataka kurudi. Na hata zile ngozi zilizovuka kikomo zina ule mvuto wao wa manati ndani yake. Ukiondoa mkono, vyote hivyo vinajinyoosha kidogo kwa pamoja, hadi vifike mahali pa kutoshana nguvu. Hapo ndipo kona ya nyuzi 90 inapokuwa 88, na duara dogo linapokuwa duara kubwa.

Bati jembamba ndilo linalorudi zaidi

Hapa wengi hukosea, na sisi tulikosea pia tulipoanza kuliulizia jambo hili. Tulidhani bati nene, kwa kuwa ni gumu kukunja, ndilo litakalorudi kwa nguvu. Ni kinyume chake. Ukizungusha bati nene na bati jembamba kwenye bomba lile lile, ngozi za bati nene ziko mbali na tabaka la katikati, kwa hiyo zinavutwa na kubanwa sana na kuvuka kikomo mapema. Ngozi za bati jembamba ziko karibu na katikati, zinavutwa kidogo tu, na karibu bati zima linabaki katika hali ya manati.

Tulipiga hesabu ya kukadiria inayotumiwa na wahandisi, tukachukua bomba lenye upana wa sentimita 10. Bati laini la nusu milimita, ambalo ni karibu na geji 26, likizungushwa hapo na kuachiwa litafunguka kuwa duara la upana wa sentimita 16 hivi. Bati laini la milimita 0.3, yaani karibu na geji 30, litafunguka hadi sentimita 24. Bati gumu la nusu milimita litafika karibu sentimita 39. Na bati gumu la milimita 0.3 litanyooka karibu lote, kana kwamba halikupita kwenye bomba. Tarakimu hizi si za kushika kama kipimo cha duka, kwa sababu bati la kila kiwanda lina ugumu wake, lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Kwa hiyo anayenunua bati jembamba na gumu kwa sababu ni la bei nafuu, kisha anataka gata ya duara au kihenge, amempa fundi kazi ngumu kuliko aliyenunua bati nene na laini. Na hapa tunasema wazi: mara nyingi fundi analaumiwa kwa bati ambalo mteja mwenyewe amelileta.

Jambo la tatu baada ya ugumu na unene ni ukali wa kona. Kona kali, iliyopigwa kwenye ncha ya reli au chuma cha pembe, inarudi kidogo sana, kwa bati laini nyuzi moja au mbili tu, kwa sababu pale kwenye kona karibu unene wote umevuka kikomo. Mkunjo mpana wa mviringo ndio unaorudi sana. Ndiyo maana kofia ya bati yenye kona kali hukaa vizuri juu ya paa, na gata ya mviringo husumbua.

Mwili wa kihenge haujakunjwa kamwe

Sasa turudi Kongwa, kwenye ule ufa wa ubavuni.

Bati laini la nusu milimita haliwezi kubaki na mkunjo wowote mpaka lizungushwe kwenye duara lenye upana wa chini ya sentimita 40. Kwenye duara kubwa kuliko hilo linapinda tu, na ukiliachia linarudi bapa kama lilivyotoka dukani. Vihenge vingi vya familia ni vipana kuliko hapo. Maana yake ni hii: kama fundi alichukua bati, akalizungusha kwa mikono likakutana ncha kwa ncha, kisha akaliunga, bati hilo kwa kweli halijakunjwa. Limebanwa. Usiku na mchana, kihenge kikiwa kitupu au kimejaa, ubavu wake unajaribu kunyooka, na kitu pekee kinachouzuia ni mshono. Ukiongeza mahindi yanayosukuma kwa nje, mshono una kazi kubwa.

Mshono ukiwa umefanywa kwa kulaza ncha moja juu ya nyingine na kupaka lehemu, basi lehemu ndiyo inayobeba mzigo wote huo. Na lehemu ni chuma laini mno. Ina tabia moja mbaya: ikivutwa siku zote kwa nguvu ndogo, hata bila joto, inalegea polepole na kujivuta mpaka inapasuka. Siku ya kununua hakuna ufa. Ukiongeza mitikisiko ya lori kwenye barabara ya vumbi na miezi mitatu ya kuvutwa, ufa upo. Kwa hiyo si kwamba bati lilirudi baada ya miezi mitatu. Lilitaka kurudi tangu siku ya kwanza, na kilichokuwa kinalizuia kikachoka.

Fundi mzuri hafanyi hivyo. Kwanza anapitisha bati kwenye roli, au analivuta na kulizungusha kwenye bomba jembamba kuliko kihenge chenyewe, ili likiachiwa lifunguke hadi kufikia upana unaotakiwa lenyewe. Hapo mshono haubebi mvuto. Pili, anakunja kila ncha ya bati kama ndoana, anaingiza ndoana ndani ya ndoana, kisha anazilaza kwa nyundo ya mbao. Chuma kimeshikana na chuma. Ndipo anapaka lehemu juu yake, na hapo kazi ya lehemu inakuwa ni kuziba hewa tu. Ukipapasa mshono wa namna hii unasikia tuta lenye unene wa mabati manne. Ukipapasa mshono wa kulaza tu, unasikia ngazi moja.

Dawa za fundi

Dawa kongwe ni kuzidisha. Ukitaka nyuzi 90 na bati lako linarudi nyuzi 3, unalikunja mpaka 93. Fundi mzoefu ana kipimo hicho mkononi, lakini kipimo cha mkono kilizoea bati la mwaka jana. Ndiyo sababu mwenye busara hukata kwanza kipande kidogo cha bati lile lile, anakikunja, anapima kimerudi kiasi gani, kisha anaanza kazi yenyewe. Ni dakika tano. Viwanda vikubwa vya magari, vyenye mashine za kukandamiza mabati ya milango, vinahangaika na jambo hili hili, hasa tangu vilipoanza kutumia chuma kigumu zaidi: umbo la kukandamizia linachongwa likiwa limepinda kupita kiasi ili mlango ukitoka urudi ulipotakiwa.

Dawa ya pili ni lile pigo la mwisho. Mmewaona mafundi wakimaliza kukunja kona kwenye reli, kisha wanairudia kona yote kwa nyundo, pa-pa-pa. Anayetazama anadhani anapendezesha. Anachofanya ni kuminya unene wote wa bati pale kwenye kona, hata lile tabaka la katikati lililokuwa linataka kurudi, mpaka nalo livuke kikomo. Likishaminywa halina tena cha kurudisha.

Ya tatu ni pindo, kama la kitenge. Ukingo unakunjwa mara mbili na kulazwa bapa, au unaviringishwa juu ya waya kama ukingo wa karai au ndoo. Bati lenye pindo linakuwa gumu kupinda ukingoni na haliachii kwa urahisi. Mfuniko wa kihenge usio na pindo wala waya tungeukataa hapo hapo dukani.

Kuna dawa moja ambayo tunaomba isitumike. Baadhi ya watu hulichoma bati gumu kwenye mkaa mpaka liwe jekundu ili lilainike. Ni kweli linalainika. Lakini bati hilo limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, mapema sana kabla chuma hakijawa chekundu. Inaungua na kutoa moshi mweupe. Anayeuvuta, saa chache baadaye anapatwa na baridi, homa, kiu na maumivu ya viungo, na wengi hudhani ni malaria. Na bati lililobaki halina tena koti lake, litapata kutu mvua za kwanza.

Kulikunja bati gumu kwa kona kali sana ili lisirudi nako kuna gharama. Ngozi ya nje inavutwa mpaka inapasuka, wakati mwingine nyufa nyembamba kama unywele. Zinki inapasuka nayo, na kutu inaanzia kwenye kona. Kwa hiyo kwa kazi yenye mikunjo mingi, chaguo la kweli linafanywa dukani: omba bati bapa laini la kukunjia, si bati la kuezekea lililonyooshwa.

Kama huna uhakika umepewa lipi, omba ukanda wa upana wa kidole kutoka kwenye mabaki, shika kwa kitambaa maana kingo zake hukata, uzungushe kwenye chupa ya soda na uuachie. Fanya hivyo kwa mabati mawili yenye geji moja. Ule unaobaki umekumbatia chupa ni laini. Ule unaoruka na kufunguka ni mgumu.

Kwa mama wa Kongwa

Mahindi yatolewe yote, yachekechwe, yaanikwe upya. Kihenge kisipakwe lehemu juu ya ufa kisha kikarudishwa, kwa sababu ubavu utaendelea kuvuta na lehemu mpya italegea kama ya kwanza. Fundi aufungue mshono wote, akunje ndoana pande zote mbili, azilaze, ndipo azibe. Kihenge kitapungua upana kidogo, hivyo kitako na bega la juu vitahitaji kurekebishwa. Kama atasema hiyo ni kazi kubwa, njia ya kati ni kupiga ribiti kila baada ya sentimita tatu au nne kwenye mshono na kuziba kila ribiti kwa lehemu. Ribiti zitabeba mvuto.

Mfuniko ukunjwe upya, ukingo wake upitilize kidogo kuelekea ndani na kutiwa waya. Kisha uzungushiwe ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli pale unapokutana na mdomo, kwa kuwa bati kwa bati halizibi hewa hata likikunjwa na fundi bora.

Kabla ya kurudisha mahindi, subiri giza liingie. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya kihenge kitupu, funga mfuniko, kisha kizunguke taratibu huku mtu mwingine akikiinamisha uone na kitako. Popote mwanga unapotoka, weka alama ya mkaa. Asubuhi mwonyeshe fundi alama hizo kabla hujamlipa.